Mwanza–Dar na mzazi: treni ya kulala, basi la usiku, au kuunganisha na SGR Dodoma?

Binti wa Igoma
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nina safari ya Dar, na siyo peke yangu. Kaka yangu anasema basi la usiku, jirani anasema ile treni ya zamani ya kulala, bosi wangu anasema panda basi mpaka Dodoma halafu malizia na SGR, ile treni ya reli mpya ya kisasa. Kila mmoja anaapa. Nataka ile ambayo ni nafuu na haichoshi. Mliosafiri karibuni naomba uzoefu. Natanguliza shukrani.

Ngosha wa Sengerema
Dada, umeleta swali nusu. Mko wangapi? Mna mizigo gani? Mna tarehe ya lazima kufika au mnakwenda kutembea tu? "Siyo peke yangu" inaweza kuwa mtoto wa miezi sita, inaweza kuwa mbuzi.

Kirumba Kwa Juu
Ndege. Saa moja na nusu uko Dar. Uzi ufungwe.

Ngosha wa Sengerema
Mtu kasema nafuu wewe unamwambia ndege. Kuna watu mnasoma kichwa cha habari mnakimbilia kujibu.

Kirumba Kwa Juu
Ukikata tiketi mapema inashuka, mkuu. Halafu piga hesabu ya chakula cha njiani, maji, bajaji, na siku mbili za kazi ulizopoteza. Nafuu ni nini hasa?

Binti wa Igoma
Samahani wakuu, niko na mama. Ana miaka 71. Mizigo ni ya kawaida.

Mzee wa Reli
Mwanangu, karibu. Nimekula mshahara wa reli miaka 22, sehemu kubwa nikiwa Tabora, kwa hiyo nina upendeleo na siufichi.

Treni ya reli ya kati, ile ya zamani yenye upana wa mita moja, ndiyo safari pekee ya nchi kavu ambayo mzee ananyoosha mgongo. Daraja la kwanza chumba kina vitanda viwili. Daraja la pili kulala vitanda sita, vitatu huku na vitatu huku: chini, kati, juu. Ukichukua la pili, wanawake wanalala chumba chao na wanaume chao, isipokuwa mkilipia chumba kizima. Wewe na mama hamtatenganishwa. La muhimu ni siku ya kukata tiketi: sema mapema unataka kitanda cha chini. Usiseme "kitanda chochote". Mzee wa miaka 71 hapandi ngazi ya kitanda cha juu treni ikiwa inayumba pale Bukene.

Ukifika Tabora usiku utasikia kishindo, behewa linaruka kama limegongwa. Usiruke kitandani. Pale ndipo mabehewa ya Mwanza, Kigoma na Mpanda yanapokutana, yanakatwa na kuunganishwa upya. Inachukua muda. Watu wanashuka kunywa chai, kununua asali. Mama abaki kitandani, wewe shuka.

Nyegezi Stendi
Mzee wangu shikamoo. Mwambie na saa basi. Mbona hilo umeliruka?

Mzee wa Reli
Marahaba. Saa ni kama 36 hadi 40 mambo yakienda vizuri. Unaondoka Mwanza, unalala, unaamka, unashinda, unalala tena. Sijaficha, nilikuwa sijafika huko.

Nyegezi Stendi
Na mambo yasipokwenda vizuri?

Mzee wa Reli
Yasipokwenda vizuri unalala mara ya tatu. Nani hajui Kilosa hadi Gulwe? Mto Mkondoa ukikasirika unabeba tuta na reli juu yake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalifunga njia ile kwa miezi. Kwa hiyo binti, kabla ya kulipa uliza mvua za Kilosa zikoje, na nenda stesheni yenyewe ukaulize treni inaondoka siku zipi za wiki, maana haiondoki kila siku.

Shemeji wa Nzega
Naomba niseme kuhusu basi la usiku kwa sababu mimi ni mhanga.

Mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, Oktoba 2023, nilikuwa wa kwanza kushangilia. Nikasema sasa nafanya kazi mchana, nalala kwenye kiti, asubuhi niko Dar. Nikakata tiketi ya kwenda kwenye harusi ya shemeji yangu. Kampuni siitaji. Tumetoka Nyegezi saa 10 jioni. Shinyanga safi, Nzega safi, Igunga tukala. Pale Sekenke kwenye kona nilikuwa macho, naomba Mungu kimoyomoyo. Tukapita.

Baada ya Singida nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Saa 7 usiku gari likakaa pembeni. Konda akasema dakika kumi, mkanda umekatika. Zile dakika kumi zikawa saa tano. Mbele giza, nyuma giza, baridi ya Singida mnaijua. Kuna dada alikuwa na mtoto mchanga, tukamvulia makoti. Wazee wawili walihitaji kujisaidia, wakawa wanashikwa mkono kwenda vichakani na tochi ya simu. Ile picha haijanitoka.

Asubuhi likaja gari jingine la kampuni hiyohiyo, lakini lina nafasi nusu. Wakaanza kuita majina. Mizigo ikahamishwa na watu nisiowajua. Kufika Dar naletewa begi jeusi kama langu, nafungua nakuta sare mbili za shule na kikaango. Kikaango! Shati langu la harusi, suruali, viatu, vyote vimekwenda kusikojulikana. Nilihudhuria harusi na shati la baba mkwe ambalo kola haifungi, na kwenye picha zote nimeshika shingo kama nina jino. Begi lilipatikana baada ya siku tisa. Mwenye kikaango sijui kama alikipata.

Kwa hiyo dada, kama mama ni mama yangu, usiku kwenye basi hapana.

Nyegezi Stendi
Pole mkuu, lakini hiyo ni gari moja. Kwa siku yanatoka magari mangapi hapa Nyegezi na yanafika? Mimi naona watu wanarudi wanatabasamu. Gari zuri, siti mbili kwa mbili, unaondoka mapema asubuhi, usiku uko Dar au karibu yake. Mkifika mapema mnaona na mabonde. Basi la mchana, dada. Siyo la usiku.

Nesi wa Butimba
Naona wanaume wote mmeongea saa na vitanda, hakuna aliyeuliza la choo isipokuwa Shemeji, tena bila kukusudia.

Binti wa Igoma, mama ana afya gani? Magoti yakoje? Anatumia dawa za presha?

Binti wa Igoma
Goti la kulia linamsumbua, anatembelea fimbo. Presha anayo, anakunywa dawa. Sikudhani ni muhimu kwenye swali la usafiri jamani.

Ngosha wa Sengerema
😂😂 Sikudhani ni muhimu.

Nesi wa Butimba
Ni muhimu kuliko nauli. Kwenye basi mnajua wenyewe "kuchimba dawa". Gari linasimama, wanaume wanasimama palepale, wanawake wanakimbilia kichakani kwa dakika tano konda akipiga honi. Mama mwenye fimbo atachuchumaaje? Anachofanya ni kuacha kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kushuka. Nimewapokea kina mama wa namna hiyo wamefika miguu imevimba, kichwa kinauma, presha juu, ukiuliza amekunywa nini anasema "nusu soda tangu Shinyanga".

Kwenye treni ya zamani choo kipo mwisho wa korido, usiku na mchana, hilo ni jambo zuri. Lakini ni cha kuchuchumaa na behewa linayumba. Kwa goti bovu siyo mchezo. SGR kuna choo cha kukaa. Popote utakapoamua, dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye buti la gari, na ainuke atembee kila baada ya saa mbili. Kwenye treni hiyo ni rahisi, korido ipo.

Kirumba Kwa Juu
Kwa hiyo tumerudi kwenye ndege.

Kijana wa Bugando
Mimi nimesoma India miaka minne, naomba niseme neno kuhusu treni za kulala maana tunabishana kama vile dunia nzima ni hivi.

Mumbai na Delhi zimetengana kilomita 1,384 kwa reli. Ni mbali kuliko Mwanza na Dar kwa reli, maana sisi ni 1,200 na ushee. Pale kuna treni inaitwa Rajdhani, ilianza 1972, inatoka kila siku ya Mungu. Saa 11 jioni inaondoka Mumbai, saa 2 na nusu asubuhi uko Delhi. Usiku mmoja tu. Unaingia unakuta shuka mbili zimefungwa kwenye karatasi, mto, blanketi. Chai inakuja na biskuti, baadaye supu, halafu chakula cha usiku, vyote vipo ndani ya tiketi. Asubuhi chai tena. Nilikuwa nachukua daraja la vitanda vitatu vitatu, sawasawa na hiyo ya pili kulala aliyoisema Mzee wa Reli. Tofauti ni kiyoyozi na mwendo.

Lakini kilichonifunza kitu siyo shuka wala supu. Ni ile "kila siku". Ukiikosa ya leo, kesho saa ileile ipo. Kwa hiyo watu hawabebi hofu. Huku kwetu ukikosa treni unapanga upya wiki nzima.

Nyegezi Stendi
Uzi wa Mwanza umetupeleka Delhi. Utatupa nauli ya kurudi?

Shemeji wa Nzega
Muacheni, ameongea la maana. Basi ndilo Rajdhani yetu. Linatoka kila siku.

Mzee wa Reli
Kijana wa Bugando umenikumbusha wakati tulipokuwa tunaota mambo hayo. Reli ilifika Mwanza 1928, pamba ya Usukuma ikashuka nayo mpaka bandarini Dar. Njia ni ileile, upana uleule wa mita moja, kona zilezile. Treni haiwezi kukimbia kwenye kona iliyopimwa kwa ajili ya kichwa cha moshi.

SGR ina upana wa milimita 1,435, imenyooshwa, inakwenda kilomita 160 kwa saa. Kipande cha Mwanza hadi Isaka ni kilomita 341, jiwe la msingi liliwekwa Juni 2021. Siku vipande vyote vikiungana mpaka Dar, hiyo treni yako ya saa 11 jioni itawezekana. Utakula sangara wako hapa mjini, utalala, utaamka Pugu.

Ngosha wa Sengerema
Siku vikiungana. Na mimi siku nikiwa tajiri.

Mzee wa Reli
Hata daraja la Kigongo–Busisi mlikuwa mnasema hivyohivyo. Kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Wewe wa Sengerema leo unavuka bila kusubiri kivuko na bado unanuna.

Ngosha wa Sengerema
Hapo umenikamata, mzee 😅. Nilikuwa nalala foleni pale Busisi na samaki wanaanza kunuka.

Nyar Kisumo
Hamjambo majirani. Sisi huku Kisumu tulirudishiwa treni ya Nairobi Desemba 2021. Inatoka Nairobi Ijumaa jioni, inafika asubuhi, Jumapili inarudi. Ni tamu lakini ni ya wikendi, siyo ya kila siku. Ya Mombasa ya usiku ndiyo iko kila siku, inatoka Nairobi saa nne usiku. Ila mjue ile haina vitanda, ni viti tu. Nilienda na shosho yangu, shingo ilimuuma siku tatu. Treni ya usiku bila kitanda ni basi lenye reli.

Mhaya wa Kemondo
Dada wa Kisumu umesema kweli kuhusu kitanda. Ndiyo maana mimi nasema usingizi mzuri wa safari ni wa meli. Mwanza–Bukoba kwa MV Victoria unapanda usiku, unaamka Kemondo unaona migomba. Hakuna kona, hakuna konda.

Shemeji wa Nzega
Mkuu anaenda Dar, siyo Bukoba. Na mimi tangu meli ya MV Bukoba izame, Mei 1996, maji nayaangalia nikiwa Capri Point tu.

Mhaya wa Kemondo
Na mimi treni tangu ajali ya Igandu, Juni 2002, watu 281 walikufa, sijaigusa. Kila mtu na kaburi lake linalomtisha. Tusihukumiane.

Mzee wa Reli
Igandu ilitufundisha kwa damu. Siwezi kubishana na wewe hapo, mwanangu.

Nyegezi Stendi
Turudi kwenye swali. Basi la asubuhi mpaka Dodoma ni kama kilomita 700, ukitoka alfajiri jioni uko Dodoma. Halafu SGR mpaka Dar nauli ya treni ya kawaida ni 31,000, mchongoko, ile ya haraka yenye pua iliyochongoka, 40,000, saa tatu na nusu mpaka nne mnashuka Stesheni ya Magufuli. Kosa ni kutaka kufanya yote siku moja. Stendi ya Nanenane na stesheni ya SGR siyo mlango kwa mlango, unahitaji usafiri, na basi likichelewa Manyoni tiketi yako ya treni inakuangalia tu. Laleni Dodoma. Lodji ipo, mama apumzishe goti, asubuhi mnapanda mmeoga.

Nesi wa Butimba
Hili ndilo jibu la kwanza lenye akili. Mpe na supu ya asubuhi. Ila chagueni basi lenye choo ndani, la sivyo tumerudi vichakani.

Mzee wa Reli
Nami nakubali, ila msijaribu kuunganisha treni ya zamani na SGR hapo Dodoma kwa tiketi ya saa maalumu. Upana wa reli ni tofauti, stesheni ni mbili tofauti, na ya zamani haiwezi kukuahidi saa ya kufika.

Ngosha wa Sengerema
Binti wa Igoma, tarehe je? Bado hujajibu. Na "mizigo ya kawaida" ni nini?

Binti wa Igoma
Ni sendofu ya mdogo wangu, Jumamosi, Mbagala. Mizigo ni mabegi mawili, gunia dogo la michembe (viazi vitamu vya kukausha), na dagaa ndoo mbili.

Ngosha wa Sengerema
NDOO MBILI ZA DAGAA. Halafu anasema mizigo ya kawaida.

Kirumba Kwa Juu
Naondoa hoja yangu ya ndege.

Shemeji wa Nzega
Sendofu Jumamosi! Dada, mimi nilienda harusini na shati la baba mkwe. Fikeni Alhamisi. Na nguo ya sendofu ishike mkononi, usiikabidhi kwa kiumbe yeyote.

Nyegezi Stendi
Kwenye SGR mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege na wana masharti yao. Dagaa tuma kwa gari la mizigo, zifungwe vizuri kwenye ndoo zenye vifuniko, utepe mara tatu. Jina na namba ya mpokeaji andika kwa kalamu ya kudumu pande mbili. Usiandike kwenye karatasi na kubandika, jasho la dagaa linaibandua.

Nesi wa Butimba
Na mama mwenyewe anasemaje? Tumemsafirisha mama wa watu uzi mzima, hakuna aliyemuuliza.

Binti wa Igoma
Jamani hapo ndipo penye shida, nilikuwa naona aibu kusema. Mama anataka treni ya zamani. Hasikii kitu. Mwaka 1974 alipoolewa alipandia Malya na marehemu baba kwenda Dar, ndiyo safari yake ya kwanza. Anasema walikula kuku Saranda, baba akajichukulia paja na mama akabaki na shingo. Anataka kula kuku wa Saranda tena, na safari hii paja lake mwenyewe. Nimemweleza choo, nimemweleza saa 40, anasema "mimi nilizaa watano, unaniambia habari za kuchuchumaa?"

Mzee wa Reli
Mpe mama salamu zangu. Wabeja sana kwa kunifurahisha leo. Mwambie kabla ya Saranda awe amekaa upande wa jukwaa, dirisha wazi, hela ndogondogo mkononi. Wale kina mama wa masinia hawana muda wa chenji.

Ngosha wa Sengerema
Kuku wa Saranda bado wapo kweli? Mimi mara ya mwisho walikuwa wadogo kama njiwa.

Mhaya wa Kemondo
Walikuwa njiwa.

Kijana wa Bugando
😂😂😂

Shemeji wa Nzega
Mimi nasema aende kwa SGR, arudi kwa treni. Kurudi hakuna sendofu, hata ikilala Kilosa siku mbili hakuna anayesubiri.

Nesi wa Butimba
Shemeji kwa mara ya kwanza umenishinda. Ila kopo na kiti cha plastiki cha kukalia chooni abebe. Nasema kwa uzito.

Binti wa Igoma
Ngoja nikaongee naye jioni, akikubali nitarudi kuwaambia. Asanteni sana.

Nyegezi Stendi
Tiketi ya Dodoma usichelewe, wiki za sendofu magari yanajaa.

Mhaya wa Kemondo
Na hizo dagaa umenunua soko la Mwaloni au kwa mtu? Ndoo imefika bei gani sasa hivi? Mimi wiki ijayo nashuka Mwanza.

Ngosha wa Sengerema
Za mwezi huu zina mchanga, mkuu. Subiri giza la mwezi.

Kirumba Kwa Juu
Mchanga ni wa wale wanaoanika chini. Njoo kwetu Kirumba, tunaanika kwenye chanja. Njoo na ndoo yako.